Mgonjwa kaletwa "amechanganyikiwa": utambuzi, dozi za kuanzia, na madhara ya dawa yanayofanana na ugonjwa

TabibuWaZamu

Wakuu, uzi huu ni wa matabibu, madaktari na manesi walioko zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, kule ambako mtaalamu wa afya ya akili hayupo na kabatini kuna haloperidoli, klopromazini, kabamazepini na amitriptilini, pengine na fluoksetini au risperidoni. Najikita kwa mgonjwa mmoja tunayempokea sana: kijana au mama kaletwa na ndugu, mikono imefungwa kamba, halali, anaongea yasiyoeleweka, anapiga watu. Ndugu wanasema karogwa, wengine mapepo, wengine bangi. Kwenye faili inaandikwa "saikosisi", yaani kusikia au kuamini yasiyokuwepo, anachomwa haloperidoli, dawa ya saikosisi, asubuhi anaandikiwa rufaa.

Makosa yanayoumiza wagonjwa hawa yapo pande mbili za ile sindano. Kabla yake, ugonjwa wa mwili unaitwa ugonjwa wa akili. Baada yake, madhara ya dawa yanaitwa ugonjwa kuzidi, na dozi inapandishwa.

Nianze na kabla. Deliriamu ni ubongo kushindwa kazi kwa sababu ya tatizo la mwili: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, sodiamu kushuka, oksijeni kupungua, figo au ini kufeli, kichwa kilichogongwa, pombe iliyokatishwa ghafla. Inaanza ndani ya saa chache au siku chache. Inapanda na kushuka: asubuhi anakutambua, jioni hamjui mkewe. Umakini unapotea. Anayeona vitu, wadudu ukutani au watu wasiokuwepo, mshuku deliriamu kwanza. Mwenye saikosisi ya kawaida husikia sauti zaidi kuliko kuona, na mara nyingi anajua yuko wapi na leo ni siku gani hata kama anaamini jirani anamtilia sumu.

Umakini unapimwa, haukisiwi. Mwambie ataje siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Ijumaa, au ahesabu kutoka 20 kushuka hadi 1. Asiyeweza kuongea vizuri, mshike mkono na umwambie: "Nikisema tatu, nibinye." Kisha taja tarakimu 10 polepole, tatu ikiwemo mara nne. Hesabu alipokosa kubinya na alipobinya pasipotakiwa. Akikosea mara 3 au zaidi, umakini haupo, na hapo kazi yako ni kutafuta chanzo mwilini hadi ukipate. Mtu mwenye mania, yaani msisimko wa akili uliopitiliza, anaweza kukosea kwa haraka na kuruka mambo, lakini ukimrudisha anarudi. Mwenye deliriamu ukimrudisha anasinzia au anaangalia pembeni.

Vipimo vya lazima kabla ya dawa yoyote: joto, presha, mapigo, upumuaji, oksijeni, na sukari ya kidole. Usikubali maneno "anapigana, hapimiki". Tone moja la damu linapatikana ndugu akimshika mkono. Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L na kachanganyikiwa, mpe glukosi gramu 25 mshipani, yaani 250 ml za asilimia 10 au 50 ml za asilimia 50 polepole kwenye mshipa mkubwa. Baada ya hapo malaria, VVU, kaswende, wingi wa damu, kreatinini na sodiamu kama maabara inaweza, na kipimo cha mimba kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Homa pamoja na kuchanganyikiwa ni homa ya uti wa mgongo hadi ithibitike vinginevyo: kama kipimo cha maji ya uti wa mgongo kinachelewa, anza seftriaksoni gramu 2 mshipani, na artesuneti 2.4 mg kwa kilo kama malaria ipo.

Hapo kwenye malaria nisimame kidogo. Kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu kinasoma protini ya kimelea iliyobaki kwenye damu. Kwa hiyo mstari wa pili ukitokea usifunge faili. Mtibu malaria, na endelea kutafuta.

Uliza dawa anazotumia, na mwambie ndugu alete mfuko mzima wa dawa. Efavirenzi, isoniazidi, sikloserini ya kifua kikuu sugu, meflokwini, na predinisoloni ya dozi kubwa, zote zinaweza kuleta saikosisi. Uliza na dawa za kienyeji bila kukunja uso, maana ukikunja uso jibu litakuwa "hajatumia kitu".

Mwili ukiwa safi na umakini upo, sasa zungumza saikosisi. Usiandike skizofrenia, saikosisi ya kudumu, siku ya kwanza. Mwongozo wa utambuzi wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unataka dalili zidumu angalau mwezi mmoja, ule wa Wamarekani, DSM-5, unataka miezi 6 kwa jumla. Iliyopanda ndani ya wiki 2 na kuisha kabla ya miezi 3 ni saikosisi ya ghafla ya kupita, na wengi wake wanapona kabisa. Jina la skizofrenia likishaingia kwenye faili halitoki. Andika "saikosisi, tukio la kwanza, chanzo kinachunguzwa".

Na kabla ya kuita jambo imani potofu, muulize ndugu anayesali naye au anayeishi naye: "Hayo anayosema, watu wenu wengine wanayaamini hivyo?" Kuamini majini si saikosisi. Kuamini jini limewekwa ndani ya redio ya jirani ili litangaze mawazo yake, huku mama yake mwenyewe akishangaa, hilo ni jambo jingine.

Dozi sasa. Haloperidoli ya kunywa kwa tukio la kwanza: 1.5 mg usiku, panda hadi 3 mg, na wengi wanatulia kati ya 2 na 5 mg kwa siku. Sababu iko kwenye ubongo wenyewe. Dawa hii inafanya kazi inapokuwa imeziba takriban asilimia 65 ya vipokezi vya dopamini aina ya D2, na ikipita karibu asilimia 78 misuli inaanza kukakamaa na kutetemeka. Nafasi kati ya hizo namba mbili ni ndogo, na kwa mgonjwa ambaye hajawahi kunywa dawa hizi dozi ndogo inaijaza. Kumwanzishia 5 mg mara mbili kwa siku ni kumvusha moja kwa moja. Risperidoni: 1 mg, kisha 2, tukio la kwanza mara nyingi linatosheka na 2 hadi 4 mg. Klopromazini: 25 hadi 50 mg usiku, panda polepole, na mwambie asisimame ghafla kwa sababu presha inashuka.

Wazee nusu au robo ya hizo. Haloperidoli 0.5 mg inatosha kuanzia.

Dawa hutuliza fujo ndani ya siku chache, lakini imani potofu na sauti zinahitaji wiki. Ipe dozi sahihi wiki 4 hadi 6 kabla ya kusema imeshindwa. Akipona, aendelee angalau miezi 12, ndivyo mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani unavyosema.

Usiku ule wa fujo: ongea naye kwanza, mtu mmoja tu aongee, wengine wanyamaze. Mpe kidonge kama anakubali. Akikataa na kuna hatari ya kweli, haloperidoli 5 mg pamoja na promethazini 25 hadi 50 mg kwenye msuli, kila moja na bomba lake. Mzee au aliyekonda, nusu. Haloperidoli peke yake kwenye msuli wa kijana ambaye hajawahi kuitumia ni kumtafutia distonia, misuli kukaza na kupinda yenyewe, na promethazini inamkinga huku ikimlaza. Subiri nusu saa hadi saa kabla ya kurudia. Diazepamu usichome kwenye msuli, inanyonywa ovyo. Iingie mshipani polepole, 5 hadi 10 mg, ukiangalia pumzi. Asilazwe kifudifudi. Dawa ikishika, kamba zifunguliwe, mikono ikaguliwe mzunguko wa damu na ganzi, na vipimo vya mwili kila dakika 15 kwa saa ya kwanza.

Madhara baada ya sindano nitayaandika chini. Wenye nyongeza karibuni.

---

MwanafunziCO

Ahsante sana mkuu. Swali: wodini tunaona kila anayepewa haloperidoli anaandikiwa na benzheksoli 5 mg hapohapo. Kuna ubaya gani kumkinga mapema na distonia na mitetemeko?

---

TabibuWaZamu

Ubaya upo, mdogo wangu. Benzheksoli inakausha mdomo, inafunga choo na mkojo, inafifisha kumbukumbu, na dozi ikizidi inaleta deliriamu yenyewe. Kwa mzee inamchanganya ndani ya siku chache. Inachezewa pia, kuna wanaoitafuta kwa ajili ya kulewa. Na ukimpa kila mtu kuanzia siku ya kwanza hutajua kamwe kama dozi yako ya haloperidoli ni kubwa mno, maana ile dalili ambayo ingekwambia umeshaifunika.

Inapostahili: kijana wa kiume aliyepata sindano za dozi kubwa, mpe siku 3 hadi 5 za mwanzo. Mwingine mpe dalili zikitokea, 2 mg asubuhi na mchana, si usiku kwa sababu inamnyima usingizi. Kila baada ya miezi 3 jaribu kuipunguza taratibu. Wengi hawaihitaji tena.

Sasa hayo madhara, kwa mpangilio wa muda yanavyokuja.

Saa chache hadi siku chache: distonia. Shingo inapinda upande mmoja, macho yanapanda juu na kubaki huko, ulimi unatoka au unavimba mdomoni, taya linavutwa. Mgonjwa yuko macho kabisa na ana hofu kubwa. Hapa ndipo anaitwa mwenye kifafa, mwenye pepunda, au anarudishwa kwenye maombi. Pepunda huanza na taya kufunga, mkazo unakuja kwa kelele au kuguswa, na macho hayapandi juu. Kifafa kinaondoa fahamu. Distonia haiondoi. Muulize, atakujibu kwa shida lakini atakujibu. Tiba ni promethazini 25 hadi 50 mg kwenye msuli, au biperideni 5 mg kama ipo, au diazepamu 5 hadi 10 mg mshipani. Ndani ya nusu saa shingo inaachia, na hiyo peke yake inathibitisha utambuzi. Fuatisha na benzheksoli ya kunywa siku chache, la sivyo inarudi usiku. Akisikika anakoroma au anakabwa koo, hiyo ni distonia ya koo, dharura kamili, oksijeni na dawa ya mshipani mara moja.

Siku hadi wiki: akathisia. Hii ndiyo inayonikera kuona inapitwa. Mgonjwa hawezi kukaa. Anakaa, anasimama, anahamisha uzito mguu wa kushoto, wa kulia, anatembea korido nzima, anarudi. Ripoti ya zamu inasema "bado ana fujo", daktari anapandisha haloperidoli, usiku wa pili anatembea zaidi. Mtofautishe kwa maswali mawili: "Huko kutotulia kunatoka akilini au miguuni?" na "Ukijilazimisha kukaa, unajisikiaje?" Wa akathisia atakwambia miguu ndiyo inamsukuma, na akikaa anasikia kupasuka ndani. Kisha mtazame akiwa amekaa dakika 2 na akiwa amesimama dakika 2, huku ukiongea naye mambo ya kawaida. Angalia miguu, siyo uso. Tiba ya kwanza ni kupunguza dozi. Kisha propranololi 10 mg mara mbili hadi tatu kwa siku, unaweza kupanda hadi 60 au 80 mg kwa siku, ila siyo kwa mwenye pumu au mapigo ya chini. Benzheksoli hapa inasaidia kidogo sana. Na muulize kuhusu kujiua, kwa sababu mateso ya akathisia yanawafikisha watu huko.

Wiki hadi miezi: pakinsoni ya dawa. Uso haucheki, mikono haiyumbi akitembea, mate yanatoka. Inafanana na sonona, na inafanana na dalili za skizofrenia zenyewe. Kunja na kunjua kiwiko chake. Kikikwama na kuachia hatua kwa hatua, kama gurudumu lenye meno, ni dawa. Punguza dozi kwanza, benzheksoli baadaye.

---

Nesi_KlinikiYaAkili

Mmeeleza vizuri. Naongezea sindano ya mwezi, maana wengi wanaichoma kama diklofenaki.

Flufenazini dekanoati iko kwenye mafuta ya ufuta, 25 mg kwa kila 1 ml. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa, unyevu unaifanya dawa iwe na ukungu. Tumia sindano ya namba 21, kwa sababu nyembamba zaidi mafuta hayapiti. Chagua robo ya juu ya nje ya kalio, vuta ngozi pembeni, ingiza kwa kina, vuta pistoni uone kama damu haipo, sukuma polepole, subiri sekunde 10, toa, kisha achia ngozi. Usisugue. Ziara ijayo kalio la pili. Isiingie mshipani hata mara moja.

Asiyewahi kumeza dawa za aina hii asianzishiwe sindano hii. Apewe za kunywa kwanza tuone anazivumilia, kwa sababu dawa ya sindano ikishaingia huwezi kuitoa, utakaa na madhara yake wiki kadhaa. Kisha 12.5 mg ya majaribio, asubiri siku 4 hadi 7. Akiwa salama, 25 mg kila wiki 2 hadi 4. Distonia ikija itakuja mapema, siku za kwanza, kwa hiyo ndugu waambiwe dalili zake kabla hawajaondoka, na waende na benzheksoli chache mkononi.

Kiwango chake kwenye damu kinachukua miezi 2 hadi 3 kutulia. Mgonjwa akiwa bado na dalili wiki ya tatu, msikimbilie kuongeza sindano. Mwongezeeni ya kunywa kwa muda. Na akiruka mwezi mmoja akaonekana mzima, familia inasema amepona, dawa ya nini. Inashuka polepole, anaanguka wiki au miezi baadaye, na hapo hakuna anayekumbuka ile tarehe aliyoruka. Andikeni tarehe ijayo kwenye kadi na kwenye simu ya ndugu.

---

Mfamasia_Kaunta

Kwa upande wa dirisha la dawa, mambo yanayotufikia kila siku.

Haloperidoli inakuja kidonge cha 1.5 mg na cha 5 mg. Zahanati yenye cha 5 tu ndiko wagonjwa wanaanzishiwa 5 mg kwa sababu ya kidonge, siyo kwa sababu ya ugonjwa. Andika nusu kidonge, tutakikata.

Andikeni majina kamili na kazi ya dawa. "Klopro" kwenye cheti inaweza kusomwa klopromazini au klopropamidi, na klopropamidi ni ya kushusha sukari. Mgonjwa wa akili anayemeza hiyo atakuja amechanganyikiwa kweli, na mtaongeza dozi ya kitu asichokimeza. Vilevile kabamazepini na kabimazoli. Neno moja tu, "ya mania" au "ya kifafa", linatuzuia kukosea.

Amitriptilini: vidonge vya mwezi mzima kwa mtu mwenye sonona nzito vinatosha kumuua kwa kuvuruga umeme wa moyo. Aliyetaja kujiua apewe za wiki moja, na ndugu azitunze yeye. Fluoksetini ni salama zaidi akizidisha.

Mwingiliano: kabamazepini inaharakisha ini kuvunja dawa nyingine. Haloperidoli inaweza kushuka hadi nusu, mkadhani imeshindwa. Rifampisini inafanya hivyohivyo. Mgonjwa wa VVU anayetumia dolutegraviri akianzishwa kabamazepini, dolutegraviri lazima iwe 50 mg mara mbili kwa siku, la sivyo virusi vinapanda. Vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango havimkingi vizuri tena mama anayetumia kabamazepini. Sindano ya miezi 3 au kitanzi cha shaba vinabaki salama. Fluoksetini inafanya kinyume, inapandisha haloperidoli, na akathisia inaibuka bila mtu kugusa dozi.

---

AMO_Nyanda

Wakuu, nina swali la kundi jingine. Mama analalamika uchovu, usingizi hakuna, kulia, hana hamu ya kitu mwezi sasa. Nikimwanzishia fluoksetini 20 mg, wiki ya tatu wengine wanarudi wanaongea bila kituo na hawalali. Nifanyeje kabla?

---

Daktari_Pwani

Shukran kwa swali hilo, daktari. Hiyo ni bipola, ugonjwa wa hisia kupanda hadi mania na kushuka hadi sonona, iliyojificha ndani ya sonona. Mgonjwa huja kliniki akiwa chini. Akiwa juu haji, anajiona mzima kuliko sisi. Kwa hiyo usipomuuliza hatakwambia. Kabla ya dawa yoyote ya sonona, uliza hivi: "Imewahi kutokea siku 4 mfululizo au zaidi, unalala saa 2 au 3 na huchoki, mawazo yanakimbia, unaongea mno, unatumia fedha au kuanzisha mambo hadi watu wakashangaa?" Muulize yeye, kisha mtoe kidogo umuulize dada yake au mume. Ndugu ndio wanaokumbuka. Uliza pia kama kuna wa ukoo aliyewahi kulazwa kwa maradhi ya akili, na kama sonona ilianza kabla ya miaka 25 au baada ya kujifungua. Hayo hayathibitishi bipola, ila yanakufanya umwite wiki ya kwanza na ya pili badala ya kumpa mwezi.

Aliyepanda kwa fluoksetini, isimamishe. Inakaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo hakuna haja ya kuishusha taratibu, na usitarajie atulie kesho yake. Mpe haloperidoli au risperidoni, na umlaze usingizi.

Kwa kumshikilia asirudi: valproeti tafadhali msiwape wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni wakati mama anatumia valproeti anazaliwa na kasoro kubwa ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 wanapata matatizo ya ukuaji wa akili. Foliki asidi haifuti hatari hiyo. Kasoro za uti wa mgongo zinatokea wiki za mwanzo kabisa, mama hajajua ana mimba, kwa hiyo "tutaibadilisha akishika mimba" ni mpango uliochelewa.

Lithiamu ni dawa nzuri sana, lakini iandikwe pale tu penye maabara ya kupima kiwango chake. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho, siku 5 hadi 7 baada ya kuanza au kubadilisha dozi, lengo 0.6 hadi 1.0 mmol/L. Ikipita 1.5 ni sumu: mikono inatetemeka sana, anayumba, anatapika, anaongea kilevi. Kuharisha, kufunga bila maji siku za joto, ibuprofeni, diklofenaki, dawa za presha za kundi la enalaprili, na haidroklorothiazidi, zote zinaipandisha. Ramadhani ikikaribia, zungumza na mgonjwa mapema, si wiki ya pili ya mfungo.

Mama aliyejifungua ndani ya wiki 2 akaanza kutolala na kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hiyo ni dharura. Tafuta maambukizi ya kizazi, presha na kifafa cha mimba, mgando kwenye mishipa ya ubongo kama kichwa kinauma sana. Mlaze, asiachwe peke yake na mtoto, lakini mtoto asitengwe naye bila sababu.

---

MwanafunziCO

Na mlevi wa gongo aliyelazwa kwa mfupa uliovunjika, siku ya tatu anaona nyoka kitandani?

---

TabibuWaZamu

Hiyo ni deliriamu ya kukosa pombe, inaingia saa 48 hadi 96 baada ya kinywaji cha mwisho. Kutetemeka huanza saa 6 hadi 24, degedege saa 12 hadi 48. Klopromazini usiiguse, inashusha kizuizi cha degedege. Dawa yake ni diazepamu 10 hadi 20 mg ya kunywa, rudia kila saa 1 hadi 2 ukimwangalia hadi atulie huku akiamshika, kisha ishushe ndani ya siku 5 hadi 7. Aliye na ini bovu dozi ndogo. Thiamini (vitamini B1) ianze siku hiyohiyo, ya msuli au ya mshipani, angalau 100 mg kwa siku kwa siku 5. Macho yakicheza au akiyumba, shuku ugonjwa wa Wernicke, ubongo kuumia kwa kukosa thiamini, na mpe 200 hadi 500 mg mshipani mara 3 kwa siku. Thiamini itangulie glukosi, lakini sukari ikiwa imeshuka usimwache asubiri, ziende pamoja.

Kila mgonjwa aliyelazwa kwa upasuaji au ajali aulizwe pombe siku ya kwanza. Swali moja la mapokezi linaokoa siku ya tatu.

---

Nesi_KlinikiYaAkili

Mmesahau moja inayoua: mgonjwa wa haloperidoli mwenye homa, mwili mgumu kama ubao, jasho, presha inapanda na kushuka, hajielewi. Anatibiwa malaria huku anaendelea kupewa haloperidoli ya usiku kwa sababu imeandikwa kwenye chati.

---

TabibuWaZamu

Kweli dada, na ahsante. Hiyo ni sindromu hatari ya neuroleptiki. Simamisha dawa zote za saikosisi, promethazini ikiwemo kwa kuwa nayo inaziba dopamini. Maji ya mshipani, mpooze, pima figo na kimeng'enya cha misuli kama maabara inakipima, mpeleke penye wodi ya wagonjwa mahututi. Malaria mtibu kama ipo, ila malaria haikakamazi mwili hivyo. Akipona, wiki 2 zipite kabla ya dawa ya aina hiyo, na ianze tofauti na ya kwanza kwa dozi ya chini kabisa. Aliyekuwa na sindano ya mwezi asubiri zaidi.

Aliyeganda, haongei, ukimwinua mkono unabaki juu, hiyo ni katatonia. Usimwongezee haloperidoli, inaweza kumsukuma kwenye hiyo sindromu. Lorazepamu 1 hadi 2 mg, au diazepamu, na wengi wanaanza kuongea ndani ya saa moja.

---

AMO_Nyanda

La mwisho mkuu. Barua ya rufaa iandikweje? Nikipeleka hospitali ya akili ya Mirembe wanapiga simu kuuliza mambo yaleyale.

---

Daktari_Pwani

Huku Kenya, hospitali ya akili ya Mathari nao huuliza hayohayo. Waandikie dalili zilianza tarehe gani na zilipanda kwa kasi gani. Joto, presha, sukari, na matokeo ya malaria, VVU, kaswende na mimba, hata kama yote ni hasi. Jaribio la umakini alilofanya na alikosea mara ngapi. Kila dawa: jina kamili, dozi, njia, saa ya mwisho kupewa. Sindano ya mwezi, tarehe yake, kwa sababu bila hiyo wanaweza kumwongezea juu ya nyingine. Madhara aliyowahi kupata. Jina la ndugu anayemjua na namba yake. Na kama ana mpango wa kujiua au kumdhuru mtu fulani, iwe mstari wa kwanza wa barua, usiizike katikati ya historia.

---

Mfamasia_Kaunta

Na vidonge alivyobakiza mpelekeeni navyo kwenye mfuko wake, msivirudishe kabatini. Akiwa njiani kwa muda wa saa 8 bila dawa, aliyekuwa ametulia anafika amechafuka upya.